Maua ya Mama katika Joto la Kindu

Safari hii nataka kunena juu ya maua yapandwayo katika vyungu na makopo, yale ambayo mtu huyaweka barazani au kando ya mlango ili nyumba ipendeze. Naanza na habari ya kushindwa kwangu mwenyewe, maana naona itawafaa wengi kuliko habari za sifa.

Marehemu mama yangu alikaa Bukavu, na barazani kwake palikuwa na maua mekundu ya jeraniamu katika makopo ya maziwa ya unga. Aliyatunza miaka mingi, na asubuhi kabla ya kwenda sokoni hakukosa kuyaondolea majani yaliyokauka. Alipofariki tuligawana vitu vyake vichache, nami sikuomba ila kopo moja na vipandikizi vitatu. Nilivifunga katika karatasi yenye unyevu, nikasafiri navyo kwa ndege mpaka Kindu, nikavipanda siku ile ile. Vyote vitatu vilishika mizizi. Lakini mwezi wa tatu ulipita pasipo kuonekana hata ua moja. Mashina yakawa marefu na membamba kama ya mtu aliyetoka hospitalini. Kisha kimoja kikalegea saa sita ya mchana, ingawa udongo ulikuwa umelowa. Nikadhani kina kiu, nikakiongezea maji. Baada ya juma moja shina lake lilikuwa jeusi tangu chini hadi juu, na cha pili kilikuwa kimeanza kufuata njia hiyo hiyo.

Mama mzee jirani yetu, ambaye sisi sote twamwita Koko, alikuja kutazama. Akavuta kile kipandikizi kwa vidole viwili, kikatoka bila mizizi. “Mwanangu,” akasema, “huyu hakuwa na kiu. Ulikuwa unamnywesha mtu anayezama.”

Maneno hayo yaliniingia, nikaanza kutafuta sababu. Tofauti kubwa kati ya Bukavu na Kindu ni kimo cha nchi. Kindu yetu imekaa kando ya Lualaba, mita kama 500 juu ya usawa wa bahari. Bukavu iko juu ya Ziwa Kivu, mita kama 1,500. Ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa digrii 6 hivi, na tofauti hiyo yajulikana zaidi usiku. Sasa, mchana jani hutengeneza chakula cha mmea kwa nuru ya jua. Usiku mmea hutumia sehemu ya chakula hicho katika kupumua, na kadiri usiku ulivyo na joto, ndivyo kinavyotumika zaidi. Mmea uliozoea usiku wa baridi, ukihamia Kindu, ni kama mfanyakazi apataye mshahara wake mchana na kuumaliza wote kabla ya mapambazuko. Akiba haipo, nao mmea usio na akiba hautoi maua.

Adui wa pili ni maji yaliyotuama penye mizizi. Kwetu mvua hunyesha karibu mwaka mzima, ila hupungua kati ya Juni na Agosti. Mizizi nayo yahitaji hewa. Maji yakijaza udongo wote, hewa hukosa nafasi na mizizi huoza. Tena uko ugonjwa wa mnyauko uletwao na bakteria wa udongoni, ambao hupenda joto na unyevu, na huua jeraniamu kama uuavyo nyanya, biringanya na viazi. Mimea iliyougua haina dawa. Ing'oe uichome, na udongo wake usiumwage katika bustani ya mboga.

Basi kwa Kindu tuchague mimea inayopenda joto letu. Wa kwanza ni ule mmea mdogo wenye maua ya waridi au meupe yenye kitovu chekundu, na majani mabichi yanayong'aa. Asili yake ni Madagaska, nao wataalamu huuita Catharanthus roseus. Hutoa maua karibu kila mwezi, ukivumilia jua kali, mradi mizizi yake isikae majini. Mmea huo una sumu, watoto wasiutafune. Lakini katika sumu hiyo hiyo waganga wamepata dawa ya kutibu saratani ya damu. Penye jua weka pia haibiskasi, kana na bogenvilia. Bogenvilia ina tabia ya ajabu kidogo: ikipewa chungu kikubwa na maji mengi huota majani tu, ikibanwa mizizi na kuonjeshwa ukavu, hujaa maua. Wakati wa mvua nyingi isogeze karibu na ukuta, chini ya ukingo wa paa, lakini isiwe pale ambapo maji ya bati humwagika.

Penye kivuli tusitegemee maua peke yake, kwa sababu majani ya rangi hufanya kazi nzuri zaidi. Krotoni yenye manjano na nyekundu, koleo yenye zambarau na kijani, na kaladio, ambayo majani yake kama moyo yana mishipa myekundu, zote hupenda joto na unyevu wa Kindu. (Kaladio nayo huwasha kinywa vibaya ikitafunwa, iweke juu, mbali na mtoto atambaaye.) Tena mwitu wetu wenyewe una hazina. Katika misitu ya Kongo huota mmea uitwao Impatiens niamniamensis, ambao ua lake, jekundu na njano, limepindika kama mdomo wa ndege. Wazungu huulea katika vyungu vyao kwa fahari, nao jina hilo latokana na jina la zamani walilopewa Wazande. Huku kwetu watu hupita karibu nao wakienda kukata kuni.

Ukipenda chungu kimoja kiwe na mimea kadhaa, panda krotoni au kana katikati, koleo kuizunguka, na ukingoni mmea utambaao utakaoning'inia. Lakini yote iwe ya hali moja. Usichanganye apendaye kivuli na apendaye jua, maana mmoja wao lazima atakufa, na mara nyingi hufa yule aliyekupendeza zaidi.

Juu ya chombo sina masharti makubwa. Bidoni la mawese lililokatwa, karai lililotoboka, sufuria kuukuu, vyote vyafaa. Ila usitumie chombo kilichokuwa na dawa ya wadudu. Toboa chini matundu matano au sita kwa msumari wa moto, kisha inua chombo juu ya vipande vya tofali ili maji yatoke. Wengi wetu tulifundishwa kujaza kokoto chini ya udongo. Nami nilifanya hivyo miaka mingi, lakini ni kosa. Maji hayashuki kutoka udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo wote wa juu yake umeshiba. Kwa hiyo kokoto huinua tope na kulileta karibu na mizizi. Weka kigae kimoja tu juu ya tundu ili udongo usimwagike, halafu ujaze udongo wa namna moja tangu chini hadi juu.

Udongo wenyewe nachanganya hivi: sehemu mbili za udongo mweusi, sehemu moja ya mchanga wa mtoni uliooshwa, na sehemu moja ya maganda ya mpunga. Maganda hayo, ambayo penye mashine za kukoboa hutupwa kwa malundo, huacha nafasi za hewa katika udongo. Waungwana waliotoka pwani walipoleta mpunga huku Maniema katika karne ya 19, sidhani walifikiri maua. Na kwa kuwa mvua huosha chakula cha udongo, kila baada ya majuma mawili au matatu nawapa mimea maji ya samadi iliyolowekwa juma zima, yaliyozimuliwa hadi yawe na rangi ya chai hafifu. Lakini visahani vya kukinga maji chini ya vyungu, heri viondolewe kabisa. Mbu waletao chikungunya na homa ya manjano hutaga katika maji kidogo kama hayo, na juma moja au siku chache zaidi zatosha yai kuwa mbu.

Wasomaji walio Lubumbashi wasiyafuate haya yote. Kwao hainyeshi kwa miezi mingi, tangu Mei hadi Septemba, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi. Hapa Kindu nasifu chungu cha udongo kwa sababu hupitisha unyevu ubavuni; kule sifa hiyo ni hasara, na bidoni huhifadhi maji vizuri zaidi, mradi lisiwe jeusi na kuchomwa na jua la Septemba. Wao wakusanye vyombo karibu karibu, wafunike udongo kwa majani makavu, wamwagilie jioni. Watu wa Goma nao wana changarawe nyepesi za volkano, ambazo hupitisha maji upesi mno; wazidishe samadi. Na wa Bukavu na Butembo waendelee na jeraniamu, begonia na fuksia zao, nasi tuwaonee wivu kidogo.

Neno moja kwa wenye ndugu Ulaya, ambao hutumiwa pakiti za mbegu zenye picha nzuri. Miezi iliyoandikwa kwenye pakiti ni ya nchi yenye baridi kali, haituhusu. Kitunguu cha tulipu chahitaji majuma kama 12 ya baridi kabla ya kutoa ua, na baridi hiyo Kindu haipo ila ndani ya friji. Na msidhani kila kizuri katika madirisha ya Ulaya ni cha kwao. Jeraniamu za huko asili yake hasa ni Afrika ya Kusini. Yale maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya, yaitwayo Saintpaulia, yalitoka milima ya Usambara, karibu na Tanga. Mtawala Mjerumani aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka mbegu zake Ujerumani, na mwaka 1893 yakapewa jina lake.

Kipandikizi cha tatu sikungoja kife. Nilikata ncha yake iliyokuwa bado nzima, nikampa mtu aliyekuwa akisafiri, naye akamfikishia dada yangu mkubwa huko Bukavu. Baada ya miezi minne dada alinitumia picha: baraza ni ile ile ya mama, na ua ni jekundu. Kopo la mama lilibaki kwangu. Nililiosha kwa maji ya moto, nikalitoboa upya, nikapanda ule mmea wa Madagaska wenye maua meupe. Koko amekwisha kuja mara mbili kuomba mbegu.