Kushika karata si lazima kamari

Wadau, juzi nilikuwa kijiweni nachezesha karata mkononi, mzee mmoja akatikisa kichwa: "Kijana umesoma mpaka chuo kikuu, leo unacheza kamari?" Sikuwa na mpinzani wala dau. Nilikuwa najifunza kuzikata kwa mkono mmoja.

Mbwembwe hizi za karata hazina mshindi, wala si kiini macho. Mapacha wa Kimarekani, Dan na Dave Buck, walizipa umaarufu miaka ya 2000 kwa DVD zao. Kosa letu wengi ni kutaka kuanzia pale walipofikia wao. Unaona video, unataka karata zigawanyike mafungu matano siku ya kwanza. Baada ya dakika kumi zote 52 ziko sakafuni, na wewe umeshasusa.

Ushauri wangu: anza na mkato mmoja tu, unaitwa Charlier. Shika karata kwa ncha za vidole, juu ya kiganja. Legeza dole gumba, nusu ya chini iangukie kiganjani. Isukume juu kwa kidole cha shahada mpaka ifike kwenye dole gumba, nusu nyingine iteremke chini yake, kisha funga. Fanyia juu ya kitanda, maana zitaanguka tu.

Mimi ilinichukua wiki mbili. Kwa kizazi chetu kinachotaka kila kitu leo leo, faida yenyewe ndiyo hiyo: kurudia kitu kimoja mpaka kikubali.

Mzee bado anaita kamari. Nyie mnasemaje?