Panya wa Morogoro hachapwi

Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, shirika la APOPO huwafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia, akafichua mabomu na mabaki ya silaha zaidi ya 100, na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu ya shirika moja la Uingereza. Alifika huko bila fimbo.

Panya huanza kwa kuzoeshwa mlio mdogo: ukilia tu, anapewa ndizi au karanga. Kisha huwekewa matundu ya kunusa. Akituliza pua kwa sekunde kama tatu penye harufu inayotakiwa, mlio unalia papo hapo na chakula kinafuata. Akikosea, hapati kitu, anaendelea na tundu jingine.

Hiyo papo hapo ndiyo inayoniumiza mimi mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi. Kwetu kinachokuja papo hapo ni kiboko. Tuzo inasubiri mahafali: beseni, madaftari, makofi, na wanaoitwa mbele ni wale wale kila mwaka. Mtoto aliyepatia hesabu yake ya kwanza mwezi wa pili hana chake.

Na kiboko kinafundisha, tena haraka. Mtoto hufunika daftari kwa kiwiko nikikaribia dawati. Mwenzake anajua akae nyuma ya nani ili anakili. Wa tatu, kila Ijumaa ya jaribio tumbo linamuuma. Kila akifaulu kuikwepa fimbo anapata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo thawabu yake. Kugawanya bado hajui.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani waliliona hili zamani. Edward Thorndike alianza kwa kuamini kwamba adhabu hudhoofisha tabia kama thawabu inavyoiimarisha. Kufikia miaka ya 1930 majaribio yake mwenyewe yalimfanya aachane na nusu ya imani hiyo. B. F. Skinner naye alishikilia kwamba adhabu huzima tabia kwa muda tu. Aliona pia jambo ambalo walimu tungelitafakari: anayeadhibu naye hulipwa. Darasa limejaa, kelele zimezidi, unachapa mmoja, wote kimya. Kimya kile ni ujira wako, na kesho utaishika tena fimbo hata kama hakuna aliyeelewa somo.

Kanuni zetu zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, mchapaji awe mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Naiomba Wizara ya Elimu iifute ruhusa hiyo, na vyuo vya ualimu viwafundishe vijana jinsi ya kusahihisha mtoto akiwa bado anaandika.

Inawezekana hata kwenye darasa kubwa. Napita kati ya madawati na kalamu nyekundu. Mtoto anagawanya 845 kwa 5. Ameandika 1, amebakiwa na 3: naweka vema. Ameshusha 4, akapata 6, amebakiwa na 4: vema nyingine. Ameshusha 5, akaandika 8. Hapo siweki alama yoyote. Nasimama kidogo, ananitazama, anarudi kwenye 45, anafuta mwenyewe.