Mimba ilifichwa, sigara ikaonyeshwa

Watoto wengi bado wanaambiwa mdogo wao amenunuliwa hospitali. Tumbo la mama likianza kuonekana, wakubwa hunong'onezana, na mtoto akiuliza huambiwa akacheze nje. Kama unadhani hayo ni ya kwetu tu, msikilize Desi Arnaz.

Arnaz alizaliwa Santiago de Cuba mwaka 1917, na baba yake alikuja kuwa meya wa mji huo. Mapinduzi ya mwaka 1933 yakaigeuza familia juu chini: baba akafungwa, mali zikachukuliwa, na kijana akajikuta Miami, Marekani, akisafisha vizimba vya ndege ili apate riziki. Baadaye alishika gitaa na ngoma, akaingia kwenye bendi, kisha filamu, na mwaka 1940 akamwoa mwigizaji Lucille Ball.

Miaka kumi baadaye kituo cha CBS kilimtaka Lucille kwenye kipindi cha vichekesho vya mume na mke. Mume wake halisi hawakumtaka. Walihofu watazamaji hawatamkubali Mkuba mwenye lafudhi nzito. Wawili hao wakazunguka majukwaani wakichekesha watu pamoja, mpaka wakubwa wakalegea. I Love Lucy ilianza kurushwa Oktoba 1951. Nyumbani Lucille alikuwa na binti wa miezi mitatu, aliyempata akikaribia kutimiza miaka 40, baada ya mimba kuharibika zaidi ya mara moja.

Mwaka uliofuata akashika mimba nyingine. Sasa wafanyeje? Wengine walishauri tumbo lifichwe nyuma ya viti. CBS na mdhamini wao, kampuni ya sigara ya Philip Morris, hawakutaka mjamzito aonekane sebuleni mwa watu, mbele ya watoto. Arnaz akagoma. Katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1976, anasimulia kwamba alimwandikia barua mkuu wa kampuni hiyo ya sigara, na amri ikashuka kuwa asisumbuliwe.

Hata hivyo neno lenyewe, mimba, halikuruhusiwa kutamkwa. Waigizaji walisema Lucy "anatarajia". Padri, mchungaji na rabi wakaitwa kukagua maandishi, wasione cha kukemea. (Sisi nasi tuna adabu yetu: "mimba" huonekana neno kali, tunasema "mjamzito". Sina ugomvi na hilo, mradi mtoto aelezwe jambo lenyewe.)

Usiku wa Januari 19, 1953, Lucy wa kwenye kipindi alipelekwa hospitali kujifungua. Sehemu hiyo ilikuwa imerekodiwa wiki kadhaa kabla. Siku hiyohiyo, Lucille mwenyewe alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji. Inakadiriwa watu milioni 44 walitazama, wengi kuliko waliotazama kesho yake Rais Eisenhower akiapishwa.

Ninalolifikiria mimi, kwa kuwa afya ndiyo kazi yangu, ni kile ambacho hakuna padri wala rabi aliyeombwa kukikagua. Kipindi kilifunguliwa kwa vikatuni vya Lucille na Desi wakiwa na pakiti ya sigara za mdhamini. Walivuta kwenye matangazo, wakavuta kwenye kipindi. Watoto walewale waliokingwa na neno moja walionyeshwa moshi kila Jumatatu usiku. Na haikuwa kwamba hakuna aliyejua lolote: mwaka 1950, nchini Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill walikuwa wamechapisha utafiti unaohusisha uvutaji na saratani ya mapafu.

Arnaz alivuta kwa miaka mingi na kunywa sana. Ndoa ilivunjika mwaka 1960. Alifariki Desemba 2, 1986, akiwa na miaka 69, kwa saratani ya mapafu.

Leo tunajua pia kwamba moshi wa tumbaku humdhuru mtoto aliye tumboni: anaweza kuzaliwa kabla ya wakati, au akiwa na uzito mdogo. Si lazima mama awe ndiye anayevuta. Baba anayevutia chumbani anamvutisha mkewe na mtoto. Na bado kuna nyumba ambamo mtoto wa miaka sita hawezi kuuliza tumbo la mama lina nini, lakini hutumwa dukani kununua sigara moja ya baba. Sigara hiyo baba aifuate mwenyewe, na aivutie mbali na nyumba.

Kuhusu tumbo la mama, mtoto wa miaka minne hahitaji somo refu. Mwambie kuna mtoto anakua ndani ya tumbo la mama, kwenye mfuko wa uzazi, na akishakua vya kutosha mkunga au daktari atamsaidia mama ili atoke. Mara nyingi atauliza jambo moja tu baada ya hapo: kama huyo mtoto atachukua kitanda chake.