Mashauri ya Nyumbani: Kijana Aliyekawia Kubaleghe

Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo watu wa Rungwe hulisema kwa kunong'ona, na pengine hawalisemi kabisa. Ni habari ya kijana ambaye wenzake wote wamekwisha kuwa watu wazima, naye amebaki na sauti ya mtoto. Baba mmoja, mchumaji wa chai, alitujia jioni akazungumza muda mrefu habari za mvua na bei ya majani mabichi, na alipokwisha kuaga ndipo aliposema shida yake, amesimama mlangoni. Mwanawe alikuwa na miaka 16, hana ndevu, sauti yake nyembamba, na kwa urefu amelingana na mdogo wake wa miaka 12. Kijana hataki tena kwenda shule. Tena jirani amemshauri baba amnunulie mwanawe dawa mjini. Tangu siku ile wazazi wengine wametuuliza neno lilo hilo, basi tumeona vema tulijibu mbele ya wote.

Huku kwetu aibu hii ina mizizi ya zamani. Mvulana wa Kinyakyusa alipopata miaka kama 10 au 11 alitoka nyumbani mwa baba yake, akajenga kibanda pamoja na wenziwe wa rika lake. Walikwenda kula kwa mama zao, kundi zima, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa katika nchi yetu kati ya 1934 na 1938 wakayachunguza mambo haya, na mwaka 1951 Monica alitoa kitabu kizima juu ya vijiji hivyo vya marika. Vijiji vyenyewe vimekwisha, lakini neno lililokuwa moyo wake lingaliko, nalo ni ukwangala: kukaa na wenzako kwa furaha, kula nao, kuzungumza nao, na kupata adabu na akili kwao. Asiye na wenziwe hakuhesabiwa kuwa mtu kamili. Basi fikirini hali ya kijana ambaye mwili wake umekataa kwenda pamoja na rika lake. Siku hizi huchekwa katika bafu la bweni, hupewa jina la utani ambalo hatutaliandika hapa, naye huanza kuoga usiku wa manane au kutooga kabisa.

Tena liko neno la pili. Wazee walisema ya kuwa wana walitengwa na baba zao ili mambo ya kitanda cha wakubwa yasijulikane na watoto. Adabu hiyo ilikuwa njema kwa siku zake, lakini imetuachia baba wasio na ulimi. Baba aweza kuona kwa macho yake ya kuwa mwanawe amechelewa, miaka miwili, mitatu, asiweze kumwuliza hata swali moja. Ikiwa ndivyo nyumbani mwako, usijilazimishe. Mtume babu yake, au mjomba, au mwalimu ambaye kijana amwamini. Lakini mtu mmoja hana budi kuuliza.

Sasa yafaa tuelewe kazi ya mwili. Kila mfugaji ajua ya kuwa ndume akihasiwa angali ndama hawi fahali. Shingo yake hainenepi, wala hawapigi wenzake, bali huwa maksai mpole wa kuvuta jembe. Watu walilijua jambo hili maelfu ya miaka pasipo kujua sababu yake. Mwaka 1849 mtu mmoja wa Göttingen katika Ujerumani, jina lake Arnold Berthold, aliwahasi majogoo wachanga. Kwa baadhi yao akairudisha korodani ndani ya tumbo, mahali pasipo pake. Hao waliwika, wakapigana, na upanga wao wa kichwani ukawa mwekundu; wale wengine wakawa wanene na wapole. Akatambua ya kuwa korodani humimina kitu ndani ya damu, na damu hukipeleka mwili mzima. Kitu hicho kilipatikana chenyewe mwaka 1935 huko Amsterdam: kutoka katika kilo 100 za korodani za mafahali walipata miligramu 10 tu, kiasi kisichojaza ncha ya kisu. Kikaitwa testosteroni. Mwaka ule ule Butenandt na Ruzicka, kila mmoja mahali pake, waliweza kuitengeneza kwa mikono, na mwaka 1939 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Lakini korodani haianzi kazi kwa amri yake yenyewe. Ubongo ndio utoao amri. Amri hupokewa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, isiyozidi punje ya njegere, nayo huipeleka kwa korodani kwa njia ya damu. Basi kijana akichelewa, pana mahali patatu pa kuulizia: ubongo bado haujaamka, au tezi haipeleki, au korodani imepokea amri haiwezi kuitimiza.

Je, ni wakati gani wa kusema amechelewa? Wavulana huanza kati ya miaka 9 na 14. Hapa wazazi wengi hupotea, maana wao hutazama ndevu, na ndevu huja mwisho. Dalili ya kwanza ni korodani kukua. Baadaye nywele za siri, ndipo kurefuka kwa haraka, na sauti kuwa nzito. Mvulana wa miaka 14 ambaye korodani zake ni za mtoto bado, huyo amechelewa, apelekwe kwa daktari. Kadhalika aliyeanza kisha akasimama njiani. Walimu wakumbuke pia ya kuwa wasichana hurefuka mapema kupita wavulana, kama miaka miwili hivi; kwa hiyo darasani msichana wa miaka 12 akimpita kaka wa umri wake kwa kichwa kizima, hapo hapana ugonjwa.

Na sasa neno la kuwatia moyo. Zaidi ya nusu ya wavulana wanaochelewa hawana ugonjwa wo wote. Saa yao ya mwili imetegwa nyuma, basi. Jambo hili hufuata ukoo sana. Mwulize baba alianza lini kunyoa, na ikiwa alizidi kurefuka alipokuwa ameacha shule. Mwulize mama alivunja ungo akiwa na miaka mingapi. Mara nyingi majibu yao yatamaliza nusu ya hofu. Daktari huweza kupiga picha ya mifupa ya mkono wa kushoto, na kwa kuitazama akajua umri wa mifupa. Kijana wa miaka 15 aweza kuwa na mifupa ya miaka 12 au 13. Maana yake ni kwamba muda wake wa kukua haujapita. Atarefuka wakati wenzake wamekwisha kusimama.

Wengine huchelewa kwa sababu mwili wao una mzigo. Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu huchelewa mara nyingi mwaka mmoja au miwili, na Tanzania ni mojawapo ya nchi ambazo watoto wengi sana huzaliwa nao. Aliyezaliwa na virusi vya UKIMWI huweza kuchelewa pia, hasa kama alianza dawa akiwa amekwisha kukua kidogo. Azidi kuzimeza kila siku, maana kuziacha kwa aibu ya udogo wake ni kujiua. Kadhalika magonjwa ya figo, kifua kikuu kilichokaa muda mrefu, na tezi ya shingo isiyofanya kazi.

Na njaa. Twajua ndugu watatukasirikia hapa, maana nani asemaye kuna njaa Rungwe, penye ndizi, viazi, mahindi na mvua karibu mwaka mzima? Lakini tumbo kujaa si mwili kulishwa. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, na mikoa ya Iringa na Njombe, ghala ya chakula ya Kusini, ilikuwa miongoni mwa iliyozidi. Maziwa yetu huuzwa asubuhi, mayai huuzwa, maharage huuzwa, na mtoto huachiwa ndizi. Kijana aliye katika miaka ya kukua ale maharage, dagaa, yai na maziwa ya ng'ombe anayemkatia majani yeye mwenyewe.

Liko kundi la tatu, dogo, nalo ndilo ambalo kulingoja ni hasara. Wako wavulana ambao amri ya ubongo haitakuja kamwe. Baadhi yao tangu kuzaliwa hawasikii harufu. Daktari Kallmann aliandika habari zao mwaka 1944. Mpe kijana kahawa iliyokaangwa aifumbie macho, na kama hajui ni nini, mwambie daktari. Wako wengine waliozaliwa na kromosomu moja zaidi. Klinefelter wa Marekani aliwaeleza mwaka 1942, nao ni kama mvulana mmoja katika kila 600. Hao huanza kubaleghe, lakini korodani hubaki ndogo, miguu hurefuka sana, pengine matiti huvimba kidogo, na wengi hawajijui mpaka waoe wasipate mtoto. Tena wako ambao korodani hazikushuka mfukoni walipokuwa wachanga. Mama amwogeshaye mtoto na atazame. Kama hata moja haijashuka alipopata miezi sita, apelekwe hospitali, maana kazi ya kuishusha yafaa ifanyike mapema, mtoto akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi.

Twaongeza neno moja kwa walimu wa bweni, ingawa ni nje kidogo ya safari yetu. Mvulana akilia ghafula kwa maumivu ya korodani, msimwambie alale mpaka asubuhi. Huenda imejisokota, na isipofunguliwa kwa upasuaji katika muda wa saa sita hivi, yaweza kufa.

Dawa iko. Kwa yule ambaye saa yake imetegwa nyuma, mara nyingi daktari humwambia angoje, akimpima kila miezi sita. Lakini kama kijana amevunjika moyo, ameacha shule au hataki kuonana na watu, kungoja peke yake si huruma. Daktari aweza kumpa sindano ya testosteroni kwa kipimo kidogo, mara moja kila mwezi, kwa miezi mitatu mpaka sita, kisha akaacha. Mara nyingi mwili huamka ukaendelea wenyewe. Aliye na upungufu wa kudumu atahitaji dawa miaka yote, kwa ajili ya nguvu, mifupa na moyo wa kuishi. Ikiwa kosa ni la ubongo au tezi, ziko sindano nyingine ziwezazo kuiamsha korodani itoe mbegu, hata akapata mtoto. Kwa hiyo hakuna haki ya kumwita mtu huyu tasa akiwa na miaka 17.

Lakini dawa ile ile, ikinunuliwa dukani na kupigwa kwa kipimo cha mtu mzima, huifunga mifupa kabla ya wakati, na kijana hubaki mfupi maisha yake yote. Tena korodani, zikiona dawa imejaa katika damu, hulala. Wale vijana wa mjini wanaojidunga ili wapate misuli huzipunguza mbegu zao wenyewe. Na unga na vidonge vya nguvu za kiume viuzwavyo stendi, ambavyo hakuna ajuaye kilichomo, havina kazi hapa. Kibaya kupita vyote ni shauri la kumpeleka kijana kwa mwanamke ili apimwe, au kumwoza upesi ili aamke. Korodani iliyolala haiamshwi hivyo. Kinachopatikana ni ugonjwa na aibu ya watu wawili.

Basi aende wapi? Aanze hapa karibu: Makandana Tukuyu, au Igogwe, au Itete. Kama yafaa watampeleka Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na shida ikizidi, Muhimbili. Madaktari wa homoni za watoto ni wachache, ila wanaongezeka. Mwaka 2008 mafundisho ya kazi hiyo yalianza Nairobi kwa madaktari wa watoto wa Afrika, nao wa Tanzania wamo kati ya waliofundishwa.

Shuleni, twawasihi walimu, msimpange kijana huyu kwa kimo chake. Ana miaka 16. Apewe kazi ya mwenye miaka 16, ashike funguo za maktaba, asimamie zamu, asipewe nafasi ya malaika mdogo katika mchezo wa Krismasi mwaka wa tano mfululizo. Katika bafu pawe na pazia. Si gharama kubwa. Na anayemchekelea aadhibiwe kwa kosa hilo kama vile angaliiba.

Kabla ya kwenda hospitali, mpimeni urefu ukutani, pasipo viatu, mkaandike tarehe, na mkampime tena baada ya miezi sita, maana daktari atauliza amekua kiasi gani. Kadi ya kliniki ya utotoni ichukuliwe, na vitabu vya shule vyenye vipimo vya zamani, kama vipo. Mwende asubuhi na mapema, maana testosteroni huwa nyingi katika damu saa za asubuhi, na damu itakayotolewa mchana yaweza kudanganya. Huenda wakamwita siku ya pili ili wapime tena, msidhani wamekosea.