Shoferi wa kamio ya uchafu ni mwananchi pia

Vijana wa Bukavu, kamio ya uchafu ikipita tunaziba pua. Mwenye kuiendesha anashinda ndani ya ile harufu, na wapakizaji wako nyuma, mara nyingi bila kinga ya mikono. Akigonjwa, nani anamutunza?

Siku kamio inakosa mazutu, mvua inashusha uchafu mpaka ziwa Kivu. Masashe na machupa yanaenda kuziba mashini za umeme pa Ruzizi. Kisha tunauliza: mbona giza?

Kodi tunalipa. Kwa wakubwa wa mji tunadai: shoferi na wapakizaji wapewe mkataba, mshahara kila mwezi, matunzo.

Na sisi wenyewe tuache kutupa uchafu mu mifereji. Salongo inaanza pale.