Mgonjwa Ni Wetu, Picha Ni ya Nani?

Simu ilitetemeka nikiwa kwenye kibanda cha chai pembeni mwa Uganda Road. Kundi la ukoo. Shangazi alikuwa ametuma picha ya mjomba akiwa wodini: mpira puani, shuka limeteremka hadi tumboni, miwani imewekwa kando ya chupa ya chai. Chini yake aliandika, "Tumwombee mzee," na mikono ya maombi ikafuatana kama siafu. Kabla ya jioni picha ileile ilinirudia kupitia kundi la watu niliosoma nao, safari hii ikiwa na nyongeza kwamba mzee amezidiwa. Hakuwa amezidiwa. Bintiye aliye Marekani aliipata hapo katikati, kwa mtu baki, akiwa kazini.

Tukitaja faragha Kenya, kidole huelekezwa nje: kwa programu za mikopo zinazowapigia simu jamaa za mdaiwa, au kwa Worldcoin iliyokuwa ikipiga picha mboni za watu hadi serikali ikaisimamisha Agosti 2023. Sawa. Ila hapa Eldoret, kwa ninavyoona, anayeitoa siri ya nyumba mara nyingi ni mtu wa nyumba hiyo hiyo, tena mwenye nia njema.

Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp husafiri umefungwa kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma. Kufuli ni zuri, lakini kila aliye kundini ana ufunguo wake, na kundi moja sasa hubeba hadi watu 1,024. Kweli, tangu 2019 huwezi kusambaza ujumbe kwa zaidi ya mazungumzo 5 kwa mkupuo mmoja. Mtu akiihifadhi picha na kuituma upya kama yake, kizuizi hicho hakina habari.

Zamani siri ya ukoo haikuwa jambo lisilojulikana na mtu. Ilikuwa jambo linalojulikana kwa zamu. Kwenye koito, mazungumzo ya mahari ya Wakalenjin, wazee walikaa ndani, na idadi ya ng'ombe ikatoka kwa mdomo wa aliyeruhusiwa kuitamka. Siku hizi kijana aliyeketi karibu na dirisha huituma hesabu kundini wazee wakiwa bado wanakunywa mursik. Shangazi wa bwana harusi anajua kabla ya bwana harusi.

Je, sheria itusaidie? Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kila mtu dhidi ya kufichuliwa habari za familia yake pasipo sababu. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, Kamishna wa Data Immaculate Kassait aliitoza shule moja ya Uthiru faini ya Sh4.55 milioni mnamo Septemba 2023, kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Lakini kifungu cha 51 cha sheria hiyo hiyo kinamwachilia mtu anayetumia data kwa shughuli zake binafsi au za nyumbani tu. Picha iliyoigharimu shule mamilioni, akiituma shangazi, haimgharimu hata bando.

Hapo ndipo penye utata. Kundi la watu 300, wakiwemo wakwe, majirani na fundi aliyeongezwa siku ya mazishi akasahauliwa, bado ni nyumbani? Huko Uswidi, Bodil Lindqvist, mhudumu wa kanisa, aliandika kwenye ukurasa wake wa intaneti kuhusu wenzake wa parokia, akimtaja mmoja aliyeumia mguu na kupunguziwa kazi. Mwaka 2003 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba hayo hayakuwa mambo ya nyumbani tena, kwa kuwa yeyote angeweza kuyasoma. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, na kundi la ukoo si ukurasa wa wazi. Hata hivyo, swali lake latuhusu. Na simtaki shangazi mbele ya Kamishna. Namtaka aulize kwanza.

Atanijibu kwamba bila picha hakuna mchango, na ana hoja. Bima ya afya ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 na bado tunachangia bili. Walio ughaibuni wameshaombewa pesa za wagonjwa hewa, kwa hiyo wanataka kuona. Basi waonyeshwe pesa: kiasi cha bili, bila jina la ugonjwa, halafu orodha ya waliotoa, jina kwa jina. Harambee zetu hazijawahi kuwa za kunong'ona. Kiasi kilitajwa kwa kipaza sauti, na mweka hazina akajua anatazamwa. Ninachopinga ni ile orodha inayoacha pengo mbele ya jina la asiyetoa, kumwaibisha. Wengine hawana, na hilo nalo ni siri yao. Mwili wa mgonjwa ni habari nyingine kabisa. Hakuna mpira wa puani unaothibitisha hesabu ya mweka hazina.

Mjomba alitoka hospitali baada ya siku kumi na moja. Jambo la kwanza aliuliza nani alimpiga picha "nikiwa vile". Shangazi akaifuta kundini palepale. Mimi ninayo mara mbili kwenye simu, na sijui iko kwa nani wengine. Kisha mjomba akaomba orodha ya mchango. Akavaa miwani, akaisoma polepole, akasimama kwenye jina lenye shilingi 50, akauliza kama mwenyewe bado anakaa Langas.