Jamaa wa Damu na Mtu wa Barazani

Mtu wa visiwani hulelewa na jamaa, huozwa na jamaa na huzikwa na jamaa. Hilo halina mjadala. Nani atamkesha mgonjwa hospitali ya Mnazi Mmoja kama si dada yake au shangazi yake? Lakini habari za riziki aghalabu hupita mlango mwingine.

Mwaka 1973 mtaalamu wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika juu ya wafanyakazi wa kitongoji kimoja cha Boston waliopata kazi kwa kupashwa habari na mtu wanayemjua. Asilimia 16.7 tu ndio waliokuwa wakionana na mtu huyo angalau mara mbili kwa wiki. Asilimia 27.8 walionana naye mara moja kwa mwaka au pungufu. Sababu yake ni nyepesi. Ndugu wa nyumba moja husikia yale yale. Yule tunayeamkiana naye barazani, au tuliyekaa naye ubavu kwa ubavu katika meli ya Mkoani, ana watu wake, na anayajua tusiyoyajua.

Sasa, mkuu wa idara akiiacha habari ya nafasi ya kazi iishie kwa wapwa zake, kijana wa Micheweni asiye na mjomba ofisini ataisikia lini? Tunawaomba wahusika: kila nafasi ya Serikali ibandikwe katika ofisi za masheha wote, Unguja na Pemba, na maombi yasifungwe kabla ya habari kufika Kojani.